Ukingo wa Juu ya Matamba

Makambako,
14 Novemba 1993

Mama Alois,

Salaam nyingi. Naandika nimekaa ndani ya lori, wapakiaji wanapanga magunia nyuma, kwa hiyo herufi zikiruka usidhani nimekunywa kitu.

Tangu uliponikubalia pale sokoni Njombe, huku unajifanya unakagua viazi ili watu wasituangalie, siendeshi tena kama dereva. Macho yangu hayako barabarani. Ulisema mambo mawili. Kwanza, tusifunge kanisani kwako wala msikitini kwangu, twende serikalini. Pili, mara hii unataka kusimama mahali unapoona mbali, kwa sababu ndoa ya kwanza ulifungishwa pamoja na maharusi wengine msururu mzima, mvua inapiga bati, hata jina lako hukulisikia likitajwa. La kwanza ni la ofisini. La pili umeniachia mimi, na mimi kazi yangu ni barabara.

Basi nimepata mahali patatu. Pa kwanza ni hapo hapo kwenu, maporomoko ya Luhuji. Maji yanashuka vizuri, na kutoka bomani ni mwendo wa miguu tu. Pa pili ni milima ya Kipengere, ukiwa juu ya Wanging'ombe unaona nchi yote imelala chini. Pa tatu ndipo ninapopapenda: Ludewa, juu kabisa, barabara inapokaribia kushuka ziwani. Ziwa Nyasa lote liko chini yako, na ng'ambo ni Malawi. Uliniambia hujawahi kuliona ziwa. Tutatia sahihi Ludewa ofisini asubuhi, mchana tuko pale na chakula chetu, sisi na mashahidi wawili, hakuna ngoma wala kamati.

Chagua, mimi nipeleke majina. Tangazo lazima likae ubaoni wiki tatu, ndiyo sheria.

Abdulatif


Njombe,
20 Novemba 1993

Baba Anifa,

Barua nimeipata kwa kondakta. Mwambie asiliite jina langu stendi nzima ikasikia.

Luhuji hapana. Wanawake wa jumuiya yangu wanafua pale na mimi ndiye mwenyekiti wao. Tena tukiandikisha hapa bomani, tangazo litabandikwa mahali ambapo kila anayekwenda kuulizia mbolea atalisoma.

Wanging'ombe hapana. Wifi yangu, dada wa marehemu, ameolewa kule.

Ludewa hapana. Barabara mbaya na mvua zimeanza.

Usiniudhikie. Tafuta kwingine, mahali ambapo hakuna mtu anayelijua jina la Telesia wala la marehemu Fidelis. Mbali ni sawa. Baridi ni sawa, mimi nimezaliwa kwenye baridi. Ila pawe wazi, nione mbali kama nilivyosema. Hilo sijalibadilisha.

Janeth wangu amekuwa wa tatu darasani. Anauliza yule baba wa lori atakuja lini na machungwa. Nimemwambia machungwa hayajaiva.

Telesia


Makambako,
28 Novemba 1993

Mama Alois,

Barabara ya Ludewa ninaijua. Nimeipita masika, na magunia juu. Sababu yako siyo barabara, lakini nimenyamaza. Ukitaka kuniambia utaniambia.

Nimepata mahali. Wiki hii nilipeleka bidhaa za duka Matamba, upande wa Makete. Kutoka Chimala barabara inapanda ukuta wa mlima kwa kona na kona, mpaka utingo wangu aliyezaliwa huko huko alifumba macho. Ukifika juu, kabla ya Matamba yenyewe, kuna ukingo wenye nyasi fupi. Nilisimamisha gari nikashuka. Mama Alois, bonde lote la Usangu liko chini, mito inang'aa, na barabara kuu ya Mbeya unaiona kama uzi, malori juu yake ni madogo kama siafu. Nilikaa pale mpaka utingo akaja kuniuliza kama naumwa.

Ofisi ni ya Makete, Wakinga watupu, hakuna anayetujua. Nimeshapeleka majina yetu. Siku ni Alhamisi tarehe 30 Desemba, mtoto akiwa likizo.

Na jambo moja zaidi. Nimemwambia Anifa. Ni binti mkubwa, ndiye anayenishikia nyumba kwa kuwa mama yake alishafariki, sikuweza kumficha. Hakusema mengi. Lakini jana nimemkuta anapaka chokaa chumba cha uani, anasema ni cha Janeth, na anauliza kama mtoto anapenda kulala karibu na dirisha.

Abdulatif


Njombe,
4 Desemba 1993

Baba Anifa,

Hapo Matamba nimepapenda. Nimeisoma barua yako jikoni mara nyingi, halafu nikaitia motoni, siyo kwa ubaya. Tarehe ni nzuri.

Lakini mwambie Anifa asipake chokaa. Sikusema nitahamia. Nilisema tufunge ndoa. Tukishatoka Makete mimi narudi kwangu na wewe unarudi kwako, na mambo yanaendelea kama sasa mpaka nitakapokuambia. Utapita kuchukua viazi kama unavyopita. Nitajua mimi ni mke wako na wewe utajua. Kwa sasa hiyo inatosha.

Telesia


Makambako,
9 Desemba 1993

Telesia,

Nimesoma, nikampa Anifa asome, kwa sababu nilidhani labda Kiswahili kimenipita. Kumbe sikukosea.

Nina miaka hamsini na mbili. Sitafuti mwanamke wa kumpitia na lori. Wako barabarani, kila kituo, na sikuwataka hao. Nilidhani unachagua mahali pazuri kwa sababu unaiandaa siku yako. Sasa naona Luhuji ilikataliwa kwa kuwa watu wataona, Wanging'ombe watu wataona, Ludewa hukutaka hata kusema kwa nini. Ulikuwa hutafuti mahali pa kuona mbali. Ulikuwa unatafuta mahali pa kutoonekana na mimi.

Kama ni dini yangu, sema. Kama ni hii kazi yangu ya lori, sema pia. Mimi nimewaambia jamaa zangu Kondoa. Nimemwambia imamu, na alinigombeza mbele ya watu wazima wenzangu, nikavumilia. Wewe umemwambia nani?

Majina yako ubaoni Makete. Bado siku zipo. Ukitaka nikayaondoe niandikie neno moja.

Abdulatif


Mchuchuma, Ludewa,
15 Desemba 1993

Shemeji Telesia,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo, kazi ya kuchimba mashimo ya wapimaji wa makaa inaendelea, ingawa mvua inatusumbua. Tunasema mgodi utafunguliwa, kila mwaka tunasema.

Shemeji, kuna kijana wa Makete tunalala naye chumba kimoja. Alikwenda kwao kuangalia mgonjwa, akapita ofisini, akarudi na habari. Ameniambia kwa nia njema kabisa, akidhani nitafurahi: jina la mke wa kaka yangu limebandikwa ukutani pamoja na la Mwislamu wa Makambako.

Sikukasirika. Nimejiuliza tu tumekukosea nini. Nyumba ya marehemu tumekuachia, shamba tumekuachia, hatukukulazimisha kurithiwa na mtu yeyote kama walivyokuwa wakifanya wazee.

Nitafika Krismasi. Jumatatu tarehe 27 tutakaa kikao cha ukoo hapo hapo nyumbani. Ukitaka kwenda, wewe ni mtu mzima, nenda. Lakini Janeth ni mtoto wa Fidelis na ni wa ukoo. Mimi na mke wangu Dorosela tumeshakubaliana atakaa kwetu. Mwandalie nguo zake. Alois nimemwandikia Songea, naye atakuwepo.

Wako,
Danieli


Njombe,
18 Desemba 1993

Baba Anifa,

Uliuliza nimemwambia nani. Sikumwambia mtu. Sasa wanajua wote.

Shemeji yangu Danieli yuko Mchuchuma na wapimaji wa makaa. Ndiyo sababu niliikataa Ludewa, na ndiyo sababu sikukuambia, kwa kuwa ningekuambia hilo ungeuliza kwa nini namwogopa. Tangazo amelijua hata hivyo.

Namwogopa kwa ajili ya Janeth. Kwetu mwanamke akiolewa nje anaondoka na nguo zake. Mtoto anabaki. Nililijua hili tangu siku ya kwanza, tangu nilipoanza kukungoja wewe na siyo lori lako. Nikafanya hesabu ya kijinga: nifunge ndoa mahali ambapo hakuna anayetujua, nirudi nyumbani, niendelee kupika na kulima mpaka Janeth amalize shule na awe na akili ya kusema mwenyewe anataka kukaa na nani. Miaka mitatu. Nilidhani wewe utakubali kusubiri, na sikukuuliza, kwa sababu nilijua utakataa.

Siyo dini yako. Siyo lori. Nilitaka vyote viwili, wewe na mtoto, na nilidhani nikinyamaza vya kutosha nitavipata.

Kikao ni tarehe 27. Usije. Wakikuona wewe, hawatanisikiliza mimi.

Telesia


Makambako,
21 Desemba 1993

Telesia,

Nimekuelewa. Barua yangu ile ya tarehe tisa ilikuwa na maneno makali, naomba uiweke motoni pamoja na nyingine.

Sitakuja kwenye kikao. Na sitakuweka katikati yangu na mtoto. Mwanamke aliyelazimishwa kuchagua hivyo, hata akinichagua mimi, kila atakapopakua chakula atamwona asiyekuwepo. Kesho kutwa nina safari ya Mbeya. Nikirudi nitapandisha Makete kuondoa majina. Waambie kwenye kikao kwamba yameondolewa. Watakuamini wakituma mtu.

Viazi vyako mwenzangu mmoja atavichukua. Ni mtu mwaminifu.

Abdulatif


Makambako,
23 Desemba 1993

Mama Alois, shikamoo.

Jina langu ni Anifa. Hatujaonana. Baba yuko safarini na hajui kwamba naandika. Aliniambia habari yako imekwisha na tusikusumbue tena.

Nitasema ukweli, kwanza sikukufurahia. Nilipaka chokaa kwa hasira. Nilikuwa najiambia, huyu mama atakuja kukaa kwenye kiti cha mama yangu na atanikuta nimemaliza kila kitu, asiwe na la kunifundisha.

Lakini Baba amenieleza habari ya mtoto wako. Mama yangu alipofariki nilikuwa na umri wa huyo Janeth. Baba alikuwa barabarani, ndugu wakasema mtoto wa kike halelewi na dereva, wakanipeleka Kondoa kwa shangazi. Hawakunipiga wala kuninyima chakula. Ila nilikuwa mgeni. Ukiwa mgeni miaka sita unajifunza kutoomba chumvi. Baba alipokuja kunichukua, alikuwa akinisemesha nami namjibu kama mtu wa ofisini.

Kwa hiyo sikuandikii ili uolewe na Baba au umwache. Hiyo ni yenu. Naandika kusema hivi: ukija hapa bila Janeth, mimi sitakufungulia mlango. Na ukimwacha Baba ili ubaki na Janeth kwa kupewa na hao watu, basi mwaka kesho watakuambia jambo lingine, na utalifanya hilo pia.

Baba anapita Matamba tarehe 29 na anafika ofisini Makete asubuhi ya tarehe 30, kuondoa majina. Mpaka asubuhi hiyo yatakuwa bado ubaoni. Mimi nitakuwa stendi Makambako tarehe 28, basi la kwanza kutoka Njombe. Nitavaa mtandio wa njano.

Anifa Abdulatif


Makambako,
16 Januari 1994

Mwanangu Alois,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini chuo kimefunguliwa salama na hujarudiwa na kile kikohozi.

Uliondoka kwenye kikao bila kuniaga, nami sikukufuata kwa sababu nilijua ungesema jambo ambalo baadaye lingetuumiza wote. Nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Wewe ulinikuta kimya mle ndani, ukadhani nimeshindwa. Nilikuwa nimeshamaliza kufunga mzigo wa Janeth, uko nyuma ya mlango, na sikuwa nimeufunga ili aende kwa Danieli. Nilipoulizwa kama tangazo ni la kweli nikasema ni la kweli. Baba yako mdogo akasema, "Basi nenda, mtoto anabaki." Nilikuwa natafuta pumzi ya kumjibu, ndipo ukasimama wewe. Bado nakusikia. "Baba mdogo, ufunguo wa nyumba chukua. Shamba la baba nitalilima mimi likizo. Lakini Janeth siyo kiti cha marehemu kwamba kibaki sebuleni. Anakwenda na mama yake, na mwenye neno aniambie mimi, maana mimi ndiye Fidelis aliyebaki." Halafu ukanigeukia na kusema wewe huko kwenye harusi huendi. Nayo nimeisikia.

Danieli hakupiga kelele. Alipokea ufunguo, akahesabu kuku. Dorosela alimpa Janeth sweta. Vitu vya jumuiya, kitabu na msalaba, nilimpelekea msaidizi wangu Bertila jioni ile. Alivipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Miaka kumi na moja tumesali pamoja. Alisema tu, "Mama Alois, hukupata mwingine?"

Asubuhi tulipanda basi. Makambako alikuwepo msichana mwenye mtandio wa njano, mrefu, uso mgumu. Alimshika Janeth mkono kabla ya kunisalimia mimi. Baba Anifa alikuwa bado Mbeya, hajui kitu. Tukalala kwao, na siku iliyofuata tukapanda basi la Chimala, sisi watatu, halafu gari la mizigo mpaka juu. Janeth alitapika kila kona. Tukafika Makete tumelowa.

Alfajiri ya Alhamisi tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi. Baba Anifa alikuja akiwa na koti la mvua na kofia mkononi, anatembea kama mtu anayekwenda kulipa faini. Alituona. Alisimama. Aliangalia kwanza Janeth, halafu mimi, akauliza, "Wote?" Nikamwambia, "Wote." Akavaa kofia, akaivua tena.

Karani hakutaka kuamini kwamba aliyekuja kufuta majina sasa anataka kufunga. Shahidi mmoja alikuwa Anifa, wa pili mama mwenye nyumba ya wageni, ambaye aliacha maandazi motoni na alikuwa akituharakisha. Nilisikia jina langu likisomwa lote, polepole, hakuna mvua juu ya bati. Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti hata karani akainua kichwa.

Baada ya hapo tukaenda mahali alipopachagua, juu ya Matamba. Alisema ni lazima, aliniahidi. Alois, kulikuwa na ukungu. Hatukuona hata magurudumu ya lori. Tulisimama ukingoni tumeshikana ili mtu asianguke, mbele yetu ni nyeupe tupu. Tukasubiri. Tukala wali baridi na kuku. Ukungu haukuondoka. Niliona amefadhaika kabisa, wiki zote zile za kutafuta, na Anifa ameziba mdomo kwa mtandio, sikujua kama anacheka au analia. Janeth akauliza, "Tunaangalia nini?" Basi Baba Anifa akachuchumaa karibu naye, akanyoosha kidole kwenye ule ukungu, akaanza kumwonyesha. Pale ni Usangu. Ule ni mto. Huku ndiko inakokwenda treni. Janeth akawa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Nimeuona." Nami nikasogea nikasimama nyuma yao, nikaangalia wanakoangalia.

Sikufichi gharama yake. Jumapili naenda kanisani hapa, nakaa nyuma, wenzangu wakienda kukomunika mimi nabaki kwenye benchi. Padri ni kijana, anajua, hanisemi. Baba Anifa ananisubiri nje ndani ya lori. Nyumba ile ya Njombe naiota. Anifa na mimi tunagombana kuhusu chumvi, yeye anatia nyingi. Janeth amepata shule.

Sikuombi uje, na sikuombi umwite baba. Nakuomba tu uniandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mama yako,
Telesia


Songea,
2 Februari 1994

Mama, shikamoo.

Barua nimeipata. Nilikaa nayo siku kadhaa.

Bado sijakubaliana na jambo hili na sitaki kukudanganya. Niliyoyasema kwenye kikao niliyasema kwa ajili ya Janeth na kwa ajili ya baba. Kuna wenzangu hapa chuoni wanatoka Njombe, habari zimefika, na wanacheka nikipita. Usidhani ni rahisi kwangu.

Baba mdogo ameniandikia kwamba nyumba ameifunga na shamba ananisubiri mimi. Nitakwenda likizo ya mwezi wa Sita. Basi la kutoka Songea kwenda Njombe halifiki Makambako, lakini nitapitiliza, nimwone mdogo wangu. Nitalala usiku mmoja tu kisha nitarudi Njombe shambani.

Kuhusu huyo mzee, nitamwamkia kama ninavyomwamkia mzee yeyote. Zaidi ya hapo sijui. Na siwezi kula chakula cha watu nisiowajua, Mama, unanijua nilivyo.

Ukipika wewe, nitakula.

Mwanao,
Alois